Muhogo wa Kukimbia

Tss.

Kisha kimya, kisha tena: tss.

Ilikuwa bado giza, jogoo wa jirani yangu Mamy hajawika, na mimi nilikuwa nimelala macho nikisikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye muhogo. Tulikuwa tumeupanga juu ya moto, kwenye utara wa vijiti ambao mama mkwe wangu aliufunga kwa kamba za gome, na kila tone lililoangukia majivu ya moto lilitoa sauti hiyo. Muhogo uliokauka hautoi sauti. Nikawa nahesabu: tone moja, navuta pumzi nne, tone lingine. Mwanzo wa usiku zilikuwa pumzi mbili. Basi, nikajiambia, unaelekea kukauka, mchana nitautwanga, jioni watoto watakula.

Ninaandika habari hii kwa sababu ya miguu ya mtoto wangu Faridah. Watu wameisema kila mmoja kwa njia yake, kwamba ni laana, kwamba ni maji ya gharika, kwamba baba yake alikanyaga kitu kibaya kule kwenye mashimo ya dhahabu. Mimi nilikuwepo. Ni mimi niliyeuwasha moto ule.

Jina langu ni Cadette, lakini tangu nizae naitwa Mama Faridah. Tunakaa pembeni ya Wamaza, chini ya kilima chenye shule, karibu na kijito tunachokiita Kalubi, ambacho kinaingia mto Luama. Mume wangu Nourdine yuko Salamabila, anachimba dhahabu. Nyumbani tulibaki wanne: mimi, Faridah mwenye miaka minane, mdogo wake Kadogo aliyekuwa hajafikisha mitatu, na mama mkwe wangu, Mama Mwamini.

Mwaka ule mvua ilikosa adabu. Tulipanda mpunga mwezi wa kumi kama siku zote, ukaota vizuri, ukafika magotini. Halafu mvua ikasimama. Wiki ya kwanza tulisema itarudi. Wiki ya tano mpunga ulikuwa majani ya kuwashia moto. Nourdine alisimama katikati ya shamba, akachuma suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Salamabila.

"Muhogo upo," aliniambia akiwa tayari amekaa nyuma ya dereva. "Muhogo haiogope jua."

Hapo hakukosea. Muhogo haukufa. Ila ulikaa ardhini na jua lile lote, ukawa mchungu kuliko miaka yote. Ukionja kipande kibichi, ulimi ulikufa ganzi.

Kwetu tunapanda wa aina mbili. Kuna ule mtamu, unauchemsha na kuula na chai, lakini hauzai sana. Na kuna ule mchungu, ndio wa bukari, ugali wetu, ndio unaotulisha mwaka mzima. Huo haupikwi hivi hivi. Unamenywa, unalazwa majini, kila mwanamke kwenye shimo lake kando ya Kalubi, halafu unaanikwa juani mpaka uwe mweupe. Shimo langu nilipewa na Mama Mwamini siku ya tatu baada ya kuolewa. Kabla yangu lilikuwa lake, na kabla yake la mama mkwe wake. Hakuna anayegusa muhogo wa shimo la mwenzake; hata mtu anayeiba mbuzi haibi hapo. Ukitaka kujua kama umeiva, unaingiza mkono majini na kuukandamiza kwa kidole gumba. Kidole kikizama chenyewe, unautoa. Kikigoma, unarudi nyumbani.

Na mimi nilijua hata kuliko kidole, maana nilisoma. Niliacha shule darasa la tatu, lakini miaka miwili kabla ya gharika mwalimu Sylvestre alifungua masomo ya jioni kwa akina mama, kwenye shule ile ile ya juu kilimani. Tulikuwa tunafika tukitoka mashambani, tunanuka moshi, miguu ina udongo. Faridah alinifuata kila jioni. Alikaa chini ya benchi langu akajifunza herufi pamoja nami, na upesi akanipita. Siku moja mwalimu alitusomea imla. Kaye yangu, daftari la masomo, bado ninayo, ina doa la mawese lakini inasomeka: Muhogo mchungu ulale majini siku tatu kamili. Ukitolewa mapema unabaki na sumu. Nilipata tisa juu ya kumi. Faridah, chini ya benchi, alipata kumi.

Mwezi wa tatu mvua ilirudi, na haikutaka kuondoka tena. Ilinyesha siku kumi na moja. Luama ikajaa mpaka ikakataa kuipokea Kalubi, na Kalubi ikageuka nyuma kuja kwetu. Sikuwahi kuona kijito kikipanda badala ya kushuka. Mchana, saa za kula, maji yalikuwa mlangoni. Jioni yalikuwa dirishani. Ukuta wa jikoni ulilainika ukakaa chini taratibu, kama mgonjwa anayetafuta mkeka. Hatukupoteza mtu. Tulipoteza mbuzi wawili, godoro, mbegu yote ya mpunga, na pipa letu kubwa la maji, ambalo tungelowekea muhogo likatuokoa. Tukapanda kilimani, familia kumi na nne ndani ya madarasa matatu.

Kesho yake mimi na Mamy, jirani yangu, tulishuka kuvuna muhogo kabla haujaozea majini. Shamba lilikuwa maji ya kiunoni. Unatafuta shina kwa miguu, unainama, unavuta, na matope yanavuta upande wao.

"Mama Faridah," Mamy akaniita. Kwake maji yalikuwa kwapani, maana ni mfupi. "Ukiona nimezama, usinitafute. Vuna kwanza."

"Nitakuvuna na wewe."

"Haunimalize. Mimi niko muchungu kupita hii."

Tulicheka humo ndani ya maji, ndiyo. Tulipandisha vikapu nane kila mmoja.

Lakini muhogo ukishang'olewa haungoji. Siku tatu, nne, unaingiwa na mistari ya bluu na kunuka. Mashimo yetu yote yalikuwa chini ya maji yanayokimbia. Ukiweka kitu humo, umekipungia mkono. Vyombo nilikuwa na beseni moja na bidoni mbili, madumu ya plastiki, na bidoni zilikuwa za maji ya kunywa tuliyokinga kwenye mabati ya shule, kwa sababu maji ya chini yalikuwa yamepita kwenye vyoo vya watu. Beseni hilo moja tulilipokezana familia tano. Na jua la kuanikia halikuwepo.

Jioni hiyo Mama Mwamini alichuchumaa mbele ya vikapu, akashika muhogo mmoja, akaugeuza.

"Tutafanya muhogo ya kukimbia," alisema.

Kila mtu wa kwetu mwenye umri anajua maneno hayo. Wakati wa vita, watu walipokuwa wakilala msituni, nani angekaa siku tatu kwenye kijito kimoja akingoja muhogo uive? Walimenya, wakakata vipande vyembamba kama vidole, wakaloweka usiku mmoja katika chochote walichobeba, asubuhi wakamwaga maji na kukausha juu ya moshi huku mizigo imeshafungwa. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo, mgongoni mwa mama yangu. Labda nilinyonya maziwa yaliyotoka kwenye chakula hicho.

"Mama, kwenye kaye yangu imeandikwa siku tatu," nilimwambia.

"Kaye iko na njaa?"

Aliurudisha muhogo kikapuni.

"Nourdine nilimulisha hii mwezi muzima kule musituni. Alikuwa mudogo kama huyu." Alimwonyesha Kadogo kwa kidevu. "Leo hatembei? Hachimbi zahabu?"

Kadogo alikuwa analia kile kilio kisicho na nguvu, cha mtoto ambaye amesahau kwa nini alianza. Faridah alikuwa anamwimbia sikioni.

Mama Mwamini si mtu mkali. Ningekataa angeguna kidogo, angelala. Angalau mtu ajue hilo. Lakini niliwatazama watoto, nikatazama vikapu, nikafikiri: siku tatu, siku nne tu, mpaka maji yashuke. Nikachukua kisu nikaanza kumenya. Ndio muhogo ule uliokuwa ukidondoka alfajiri, tss, na mimi nikihesabu pumzi kwa furaha.

Maji hayakushuka siku nne. Mwezi wa nne ulikwisha. Wa tano ukaingia, mwezi ambao tumezoea kuona vumbi na kuanza kuchoma majani ya mashamba, na bado kila alasiri wingu lilitoka upande wa Luama likatumwagia. Tulikula muhogo wa kukimbia wiki saba, tukishuka kung'oa mwingine kwenye kingo za shamba kila ule wa vikapu ulipokwisha. Mwanzoni tuliula na sombe ya majani ya muhogo, na dagaa kidogo, ndagala ambazo Mamy alikuwa amezificha ndani ya kiatu cha mume wake. Baadaye tuliula na chumvi. Baadaye peke yake. Mwanzoni tuliuloweka usiku mzima. Halafu kwa sababu zamu za beseni zilikuwa nyingi, usiku mzima ukawa nusu. Wiki ya sita beseni lenyewe likapasuka, na baada ya hapo tulikuwa tunausuuza tu na kuuweka motoni.

Bukari lake lilikuwa la kijivu, lina harufu ya moshi, na mwisho wa tonge kulikuwa na uchungu unaobaki kooni. Mamy alitapika asubuhi mbili mfululizo.

"Labda niko na mimba," alisema, akijifuta mdomo kwa kitenge.

"Mume wako ana miezi mitano hayupo."

"Basi iko ya mvua."

Faridah naye aliniambia mara moja, mara mbili, kwamba baada ya kula kichwa kinamzunguka. Nilimwambia alale kidogo. Alilala kidogo, akaamka, akakimbia tena. Kilimani pale kila mtu alimwita Pikipiki, jina alilopewa na baba yake, kwa sababu alikuwa hajui kutembea. Ni mbio tu. Nani ana kaa la moto, nani ana chumvi, mzee gani amezidiwa, yeye ndiye aliyepeleka habari kutoka darasa hadi darasa, na kila alipofika alikuwa anapiga breki kwa mdomo.

Kaye yangu niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaiweka chini kabisa ya nguo. Nilijiambia ni kwa ajili ya unyevu.

Asubuhi ya jambo lenyewe ilikuwa Jumanne, mvua imepumzika, mahali pengine kuna mwanga kidogo. Moto wetu ulikuwa umezimika.

"Faridah, kimbia kwa Mama Mamy akupe kaa."

Alikaa. Akaweka mikono chini, akajiinua, na miguu ikatetemeka, ikakaza kama vijiti, magoti yakagongana. Akaanguka kwa makalio. Alicheka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Mara ya tatu hakucheka.

"Umelalia mguu," nilimwambia.

"Yote mbili?"

Nilimpaka mawese nikamsugua. Misuli ilikuwa migumu chini ya vidole vyangu, imejikaza yenyewe kama kamba ya kufungia mzigo. Kadogo alifikiri ni mchezo, akawa anasimama na kujiangusha pembeni ya dada yake, anasimama na kujiangusha, na anatutazama kuona kama tunafurahi.

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya maji. Nilimfunga Faridah mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia mpaka mapajani mwangu, na Mamy alitangulia akipima njia kwa fimbo. Maji yalifika kiunoni, halafu magotini, halafu ikawa matope. Njiani Faridah aliniuliza kama ni mzito. Nilimwambia hapana. Na kweli hakuwa mzito, na hilo pia lilinitia hofu.

Mganga wa kituo anaitwa Pacifique, kijana mwenye buti za mpira. Dawa zilizobaki alikuwa amezipanga juu ya kabati, na yeye alikuwa anafanya kazi amesimama, maana viti vilikuwa vimeoza. Alimlaza Faridah mezani, akamgonga chini ya goti kwa kinyundo kidogo. Mguu uliruka, ukaendelea kuruka peke yake mara tatu, nne.

"Munakula nini kule juu?"

"Bukari."

"Na nini?"

Nilivuta kitenge nikafunika miguu ya Faridah.

"Muhogo munaloweka siku ngapi?"

Nilisema, "Tatu."

Faridah aligeuza kichwa akanitazama. Alikuwa ameiandika imla ile vizuri kuliko mimi, na alikuwa amekaa karibu na moto kila usiku wa zile wiki saba. Alinitazama tu, halafu akatazama ukuta, kama mtu mzima anayeondoka chumbani ili usione aibu.

"Usiku mmoja," nikasema. "Mara nyingine nusu. Mara nyingine hapana."

Pacifique hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifungua kitabu chake akaandika neno moja, na kwa sababu najua kusoma nililisoma kichwa chini: konzo.

"Haiko laana," alisema, "na haiambukize mutu. Ni sumu ya muhogo. Inashika watoto na akina mama, kwa sababu hamuna kingine tumboni cha kupigana nayo. Kama jua lilipiga sana mbele ya mvua, ndiyo mbaya zaidi."

"Dawa yake?"

"Dawa ya miguu, hakuna."

"Lakini atapona."

Alichukua muda kufunga kitabu. "Mama Faridah, haitazidi, kama mutaacha ile muhogo. Atatembea na fimbo, akijifunza. Ile iliyopotea, yote hairudi."

"Nitampeleka Kasongo, hospitali kubwa."

"Barabara imekatika mahali tatu. Na Kasongo watakuambia hii hii, kwa Kifaransa." Halafu akaona uso wangu, akaacha. Alikwenda chumba cha nyuma akarudi na kikombe cha karanga, za kwake mwenyewe nafikiri, akamwekea Faridah mkononi. "Za wewe peke yako. Usigawe."

Faridah aliziweka zote ndani ya mkunjo wa nguo yake. Tulipofika kilimani alimwita Kadogo akaanza kugawa, moja kwako, moja kwangu.

Mama Mwamini nilimweleza kila kitu, polepole, pamoja na lile neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaenda kwenye utara, akakata kamba zake moja baada ya moja na kuvunja vijiti juu ya goti, akavitia motoni. Usiku huo hakukuwa na sauti ya matone. Kesho yake asubuhi niliukuta utara umefungwa upya, vijiti vipya, kamba mpya, na muhogo umepangwa juu. Yeye alikuwa amekaa pembeni amegeukia ukuta. Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa na nini kingine?

Watoto hatukuwapa tena. Mamy alichinja jogoo wake bila kuombwa, akasema anamchosha kwa kelele. Watoto walikula supu yake siku mbili, halafu mapapai mabichi ya kuchemsha, halafu majani ya lengalenga, halafu chochote. Sisi wakubwa tuliendelea kula ule wa kijivu, na kila asubuhi kabla ya kusimama nilikuwa nachezesha vidole vyangu vya miguu chini ya kitenge.

Nourdine alipiga kwenye simu ya mwalimu Sylvestre, ambayo hupata mtandao karibu na mlingoti wa bendera. Sauti yake ilikuja na kukatika. Mashimo yao yalikuwa yamejaa maji, hawachimbi, wanangoja.

"Munakula?"

"Tunakula."

"Pikipiki iko wapi? Nipatie."

Alikuwa pale pale, amekaa kwenye ngazi, ananitazama.

"Amelala," nikasema.

Ulikuwa uongo wangu wa pili, na huo pia aliusikia.

Mwezi wa sita maji yaliondoka, bila kuaga, yakaacha matope mpaka kwenye matawi. Nyumba yetu ilibaki na kuta mbili na mlango unaofunguka kuelekea popote. Mamy alimfuata dada yake Kasongo, na tulipoagana hakutania. Kuondoka kwake ndiko kulikonifanya nione kwamba tumeisha.

Lakini mimi ni mtu wa namna hiyo: nikiona jua siku mbili, naanza kupanga. Nilipanga. Kwenye mteremko juu ya shamba kulikuwa na mashina machache ya muhogo ambayo maji hayakuyafikia. Shimo la kulowekea halikuonekana tena, hata kijiti chake cha alama kilikwenda, lakini Mama Mwamini alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe kubwa, kumi na saba, akasimama, akasema, "Hapa." Nilichimba matope kwa mikono mpaka nikafika kwenye mawe aliyoyapanga mama mkwe wake. Maji safi yakaanza kuingia, kidogo kidogo. Nilitoa kaye kwenye plastiki, nikamsomea Mama Mwamini ile imla kwa sauti, na yeye alisikiliza akiwa ameshika mikono yake pamoja, kama mtu aliye msikitini. Nilimenya mihogo yote ishirini na sita, nikailaza shimoni, nikaweka majani ya mgomba juu na mawe juu ya majani. Kuanzia leo, nilisema moyoni, kila kitu kitafanywa kwa siku zake.

Faridah ndiye aliyepewa kazi ya kulinda, kwa ajili ya mbuzi za watu. Mwalimu Sylvestre alimchongea fimbo mbili. Alikuwa anatembea nazo kwa ncha za vidole, magoti yakipitana kama mkasi, hatua kumi, anapumzika, na mdomo wake haukupiga breki tena. Nilimkalisha juu ya jiwe kubwa na kipande cha mkaa. Jioni ya kwanza alichora mstari kwenye jiwe.

"Moja," aliniambia.

Siku ya pili hatukuwa na kitu. Papai lilikuwa limekwisha. Mama Mwamini alikwenda kuomba Wamaza kwa watu wa ukoo wake akarudi na mikono mitupu na maneno mazuri. Alasiri nilimkuta Kadogo nyuma ya ukuta, amekaa kimya, mdomo umejaa udongo. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuna taratibu, na aliponiona alinipa kidogo.

Nilimsafisha mdomo kwa kidole. Nilipoinua macho niliona wingu.

Mwezi wa sita mvua hainyeshi. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla ya kujua jina lake. Lakini lilikuwa pale, jeusi, limekaa upande wa Luama, na upepo wake ulikuwa umeanza kufika, wa baridi. Nikawaza Kalubi ikigeuka nyuma tena. Nikawaza mihogo ishirini na sita ikielea kwenda kwa watu nisiowajua. Chombo cha kuulowekea nyumbani sikuwa nacho. Nilichukua kikapu nikashuka, nusu kutembea, nusu kukimbia.

Faridah alikuwa juu ya jiwe, fimbo zake magotini. Nilitoa mawe, nikatoa majani, nikaingiza mkono majini. Niliukandamiza muhogo wa kwanza kwa kidole gumba. Kikagoma. Nikajaribu wa pili, nikasukuma kwa nguvu zangu zote mpaka kucha ikauma, na kidole kiliingia kidogo, kidogo sana, nikajiambia kimeingia. Niliuweka kikapuni. Nikatoa mwingine. Na mwingine. Radi ilinguruma upande wa mto. Nilikuwa nafanya haraka, nimeinamisha kichwa, namwona Kadogo na udongo wake, nafikiri, kwa huyu mmoja, kwa usiku huu mmoja, juu ya moshi, mara moja tu.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye jiwe, karibu na mstari wa mkaa. Faridah aliufunika kwa kiganja ili usifutike. Kisha akanitazama, na safari hii hakugeukia pengine.

"Mama, leo ni siku ya pili."